Kimyanga cha Mpunga: Kirusi Kimejengwaje?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Bonde la Kilombero

(Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Msomaji mpya asome polepole, kifungu kwa kifungu. Mahali palipoandikwa "muziki", darasa lipumzike kidogo na kuzungumza.)

  Natumaini daftari zenu ziko wazi, na mwalimu amekwisha kuandika ubaoni maneno matatu: kimyanga, kirusi, seli. Leo tutajifunza maana ya maneno hayo na jinsi yanavyoungana.

Kimyanga mnakijua. Ni ule ugonjwa wa mpunga ambao majani machanga hugeuka manjano, yakawa na mistari na mabaka ya kijani na manjano yaliyochanganyika. Shina hudumaa. Machipukizi huwa machache. Suke likitoka hutoka kwa shida, na ndani yake mara nyingi hamna punje ila mapepe. Ugonjwa huu ukiingia wakati mpunga ungali mchanga, mkulima aweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno yake, hata yote. Katika bonde letu mpunga ni chakula, ni ada ya shule, ni bati la nyumba, na pengine ni deni linalongoja kulipwa. Kwa hiyo somo hili si la kupitisha jioni tu.

Watu wakiona shamba limegeuka manjano husema mambo mbalimbali. Mmoja husema, "Ardhi imechoka," akaenda kununua mbolea. Wa pili husema, "Ni ukungu, tupige dawa," akakopa fedha za dawa. Wa tatu husema, "Jirani yangu amenifanyia jambo," akavunja ujirani wa miaka mingi. Wote watatu wamepoteza kitu, fedha au rafiki, na majani yamebaki manjano vile vile. Kwa nini dawa zao hazikufaa? Jibu limo katika umbo la kitu kinacholeta ugonjwa. Na tulitazame umbo hilo.

KITU KINACHOPITA KATIKA CHUJIO

Kimyanga huletwa na kirusi. Kimoja ni kirusi, vingi ni virusi. Kabla ya kujua kimejengwaje, tujue kwanza watu waligunduaje kwamba virusi vipo, maana hakuna aliyepata kukiona kirusi kwa macho yake matupu.

Zamani wataalamu walikuwa wamekwisha kuvijua vidudu viitwavyo bakteria. Vidudu hivyo ni vidogo sana, lakini vyaonekana kwa darubini ya kawaida, kama ile iliyoko hospitalini. Tena walikuwa na chujio la udongo mgumu uliochomwa, lenye matundu madogo mno. Maji yakipita humo, bakteria hubaki juu, kama kumvi zinavyobaki juu ya chekeche.

Mwaka 1892 Mrusi mmoja aitwaye Dmitri Ivanovsky alichukua majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa mabaka. Aliyaponda, akaichuja maji yake katika chujio lile. Kisha akayatia maji yale yaliyochujwa katika tumbaku nzima. Tumbaku ikaugua! Basi kilichokuwa kikileta ugonjwa kilikuwa kidogo kuliko bakteria, hata kikapita mahali ambapo bakteria hawapiti. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia kazi hiyo, akaona jambo jingine: kitu kile huongezeka ndani ya mmea ulio hai tu. Akakiita virusi, neno la Kilatini ambalo maana yake ni sumu.

Kirusi cha kimyanga nacho kina historia yake, na historia hiyo ni ya kwetu Afrika Mashariki. Kilionekana kwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka 1966 nchini Kenya, karibu na Kisumu, kando ya Ziwa Victoria. Tangu hapo kimeonekana katika nchi nyingi za Afrika zinazolima mpunga, na katika kisiwa cha Madagascar. Wachunguzi waliolinganisha virusi vya nchi hizo wameona kwamba aina zenye tofauti nyingi zaidi zinapatikana Tanzania mashariki. Jamaa wa ukoo wakiwa wengi na wa namna nyingi mahali pamoja, kwa kawaida ni dalili kwamba ukoo umekaa hapo muda mrefu. Kwa hiyo kirusi hiki si mgeni wa jana katika upande wetu wa nchi.

UDOGO WAKE

Chukua punje moja ya mchele uiweke juu ya daftari. Urefu wake ni milimita saba hivi. Sasa tupange virusi vya kimyanga, kimoja baada ya kingine, kutoka ncha moja ya punje hadi ncha ya pili. Vitahitajika virusi zaidi ya laki mbili. Sizungumzi juu ya kuijaza punje. Nazungumza juu ya mstari mmoja tu.

Sasa geuza mfano. Kila jani la mpunga limejengwa kwa vyumba vidogo vidogo vilivyo hai, viitwavyo seli. Mwili wako pia umejengwa kwa seli. Kama tungekikuza kirusi cha kimyanga mpaka kiwe kama punje ya mchele, basi seli moja ya jani ingekuwa kubwa kama chumba cha nyumba. Naye bakteria angekuwa mkubwa kama fenesi. Punje, fenesi, chumba: shikeni ulinganifu huo.

(Muziki.)

BARUA NDANI YA BAHASHA

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Kirusi kimejengwa kwa vitu gani?

Seli ina mambo mengi ndani yake. Ina mahali pa kupata nguvu, ina mahali pa kutengeneza vitu vyake, ina maagizo yake ya kazi, ina ukuta. Ni kama nyumba yenye jiko, stoo, kinu na wafanyakazi. Kirusi hakina hayo. Kirusi cha kimyanga kina vitu viwili tu vikubwa: uzi wa maagizo, na ganda linaloufunika.

Ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mtalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Kirusi ni kama barua ndani ya bahasha. Bahasha ni ganda. Barua ni ule uzi.

Tuanze na barua. Uzi huo mwembamba wataalamu wanauita RNA. Juu yake yamepangwa maumbo madogo ya namna nne, moja baada ya jingine, nao huyaandika kwa herufi A, C, G na U. Sisi katika Kiswahili tuna herufi zaidi ya ishirini; kirusi kina nne tu. Uzi wa kirusi cha kimyanga una urefu wa herufi 4,450 hivi. Mngeweza kuziandika zote katika kurasa chache za daftari. Somo hili mnalolisoma lina herufi nyingi zaidi, mara kadhaa. Hebu fikirini: kitu kinachoweza kuangamiza mpunga wa shamba zima kina maagizo mafupi kuliko somo moja la redio!

Na barua hiyo inasema nini? Inasema maneno machache, tena yote yanahusu kirusi chenyewe. Inaagiza namna ya kutengeneza chombo cha kunakili barua. Inaagiza namna ya kutengeneza kisu kidogo cha kukatia vipande vinavyotengenezwa vikiwa vimeungana. Inaagiza kifungo kidogo kinachokaa mwanzoni mwa uzi. Kifungo hicho mkikumbuke, tutakirudia. Inaagiza kitu cha kuzima ulinzi wa mmea. Na mwisho inaagiza bahasha. Kwa ufupi barua nzima yasema hivi: "Ewe unayeisoma, ninakili mara nyingi, nitengenezee bahasha, unifunge, unitume."

BAHASHA YA VIPANDE 180

Sasa tuitazame bahasha. Ganda la kirusi limetengenezwa kwa protini. Protini ni jina mlilolisikia katika masomo ya chakula: imo katika maharage, samaki, mayai na nyama. Si chakula tu. Ni kitu ambacho viumbe hujengea miili yao.

Ganda la kirusi cha kimyanga lina vipande 180 vya protini. Na ajabu yake ni hii: vipande vyote 180 ni vya namna moja. Kwa nini? Tupige hesabu pamoja. Mwalimu aandike ubaoni.

Maagizo ya kutengeneza kipande kimoja cha ganda yanachukua herufi 720 hivi katika uzi. Kama kila kipande kingekuwa na umbo lake, yangehitajika maagizo ya namna 180. Zidisheni 720 kwa 180. Mnapata 129,600. Lakini uzi mzima una herufi 4,450 tu! Maagizo ya ganda peke yake yangeuzidi uzi wote karibu mara 29, na barua isingeingia katika bahasha yake. Ndiyo sababu kirusi hutumia njia ya fundi wa matofali. Fundi hana kalibu kwa kila tofali. Ana kalibu moja. Kwa kalibu hiyo hufyatua matofali ya kujengea nyumba nzima. Wataalamu wawili, Francis Crick na James Watson, walifikiri hivyo mwaka 1956 juu ya virusi vidogo, na uchunguzi wa baadaye ukaonyesha kuwa walisema kweli.

Sasa vipande hivyo vimepangwaje hata vikafanya kitu cha mviringo? Mtazameni mpira wa miguu, ule wa ngozi nyeusi na nyeupe. Hesabuni vipande vyake. Vile vyeusi vina pembe tano, navyo ni 12. Vile vyeupe vina pembe sita, navyo ni 20. Ganda la kirusi cha kimyanga lina mpango huo huo. Protini tano zikikaa pamoja hufanya fungu la pembe tano, na mafungu hayo ni 12: tano mara 12 ni 60. Protini sita zikikaa pamoja hufanya fungu la pembe sita, na mafungu hayo ni 20: sita mara 20 ni 120. Jumlisheni 60 na 120. Ni 180. Hesabu imetimia. Anayejua kushona mpira anajua umbo la kirusi.

Pengine mtauliza, watu wamejuaje haya, na kitu chenyewe hakionekani? Walikusanya virusi vingi safi mpaka vikajipanga vyenyewe kama punje za chumvi zinavyojipanga maji yakikauka. Kisha wakapitisha humo miale ya eksirei, wakapima namna miale ilivyotawanyika. Kwa njia hiyo picha kamili ya ganda la kirusi cha kimyanga ilichapishwa mwaka 2000. Iliwaonyesha pia kwamba kipande na kipande vimeshikana kwa nguvu, na katikati yao mna chembe za kalisi, madini yale yale yaliyomo katika chokaa na katika mifupa. Ndiyo maana ganda hilo ni gumu, na kirusi hiki hustahimili sana kikiwa nje ya mmea.

(Muziki.)

BARUA INASOMWAJE?

Barua iliyo mezani haifanyi kitu. Haijinakili, haijitumi. Yahitaji msomaji. Msomaji wa barua ya kirusi ni seli.

Lakini seli ya mpunga ina ukuta mgumu, na kirusi hakina meno wala funguo. Hakiwezi kuuvunja ukuta huo. Hapana budi mtu mwingine auvunje kwanza, yaani mmea uwe na jeraha. Wako mbawakavu wadogo wanaokula majani ya mpunga. Wakila jani gonjwa kisha wakauma jani zima, wamepeleka barua. Mundu uliokata bua gonjwa, ukakata na bua zima bila kusafishwa, umepeleka barua. Mikono iliyolowa maji ya majani magonjwa wakati wa kung'oa miche, ikashika miche mizima na kuivunja majani, imepeleka barua. Panya atafunaye mashina, na ng'ombe alishaye katika maotea magonjwa kisha akaingia katika mpunga mchanga, nao pia hupeleka.

Kirusi kikiingia ndani ya seli, ganda hulegea na uzi hutoka. Seli ina vyombo vya kusoma maagizo yake yenyewe. Vyombo hivyo huupokea uzi wa kirusi, vikausoma kama kwamba ni agizo la nyumbani. Seli haina habari kuwa imedanganywa. Hutengeneza chombo cha kunakili, na nakala za uzi hutoka kwa wingi. Hutengeneza vipande vya ganda, navyo hujipanga vyenyewe kuuzunguka uzi, vipande 180 kwa kila ganda. Kisha virusi vipya huenda katika seli ya jirani, na katika njia za maji za mmea, mpaka mmea mzima umejaa. Nguvu ambayo ingejaza punje imekwisha katika kunakili barua ya mwingine. Hiyo ndiyo maana ya mapepe.

Je, kirusi kina uhai? Wataalamu bado wanajadiliana. Nje ya seli hakili, hakipumui, hakikui, hakizai. Ndani ya seli huongezeka kupita kiasi. Ninyi pia mjadiliane darasani: barua isiyosomwa, je, ina uhai?

KWA NINI DAWA ZILISHINDWA

Sasa turudi kwa wale watu watatu tuliowataja.

Yule wa kwanza alitia mbolea. Ni kweli kwamba mpunga unaokosa mbolea hugeuka manjano. Lakini upungufu wa mbolea kwa kawaida huanza katika majani ya chini yaliyo makuukuu, na sehemu kubwa ya shamba hugeuka rangi pamoja. Kimyanga huonyesha mabaka katika majani machanga, na huanza vipande vipande: hapa mashina machache, pale mashina machache. Mbolea haiwezi kuifuta barua iliyokwisha kuingia ndani ya seli.

Yule wa pili alipiga dawa ya ukungu. Dawa kama hiyo huharibu ukuta au kazi za mwili wa ukungu. Kirusi hakina ukuta wa namna hiyo, wala hakina kazi za mwili. Hata dawa ya wadudu, ikiwaua mbawakavu, haiuponyi mmea uliokwisha kuugua. Jambo hili ni kweli kwa watu pia. Vidonge vya kuua bakteria havitibu mafua, kwa kuwa mafua huletwa na virusi. Atakayekula vidonge hivyo bila kuandikiwa na mganga wa hospitali anapoteza fedha, tena anawazoesha bakteria dawa.

Na yule wa tatu aliyemshutumu jirani, nadhani sasa mnaweza kumjibu wenyewe, kwa upole.

VIRUSI VYENYE KOTI LA MAFUTA

Si virusi vyote vilivyo kama cha kimyanga. Vingine vimevaa koti juu ya ganda, koti la mafuta ambalo virusi hulichukua katika seli wakati wa kutoka. Mfano ni kirusi cha homa ya Bonde la Ufa, kinachougua mifugo na watu. Kilitambuliwa nchini Kenya, karibu na Naivasha, katika miaka ya 1930 na 1931. Mlipuko wa mwaka 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 100 hapa Tanzania. Na katika bonde letu la Kilombero, wachunguzi waliopima damu ya mifugo walitangaza mwaka 2013 kwamba hata wanyama waliozaliwa baada ya mlipuko ule walikuwa na alama za kuonyesha kuwa kirusi hicho kimewapitia. Kirusi hiki ni kikubwa mara tatu hivi kuliko cha kimyanga, na barua yake imeandikwa katika nyuzi tatu badala ya mmoja.

Koti la mafuta lina faida kwa kirusi, kwani humsaidia kuingia katika seli za wanyama. Lakini koti hilo ndilo udhaifu wake pia. Mama anayeosha sufuria ya mafuta anajua: maji matupu hayatoshi, sabuni huyaondoa. Sabuni hulivunja koti la mafuta, na kirusi kilichovuliwa koti hakiwezi kuambukiza tena. Kwa hiyo aliyemshika mnyama mgonjwa aoshe mikono kwa sabuni. Asichinje mnyama mgonjwa wala kuchuna mzoga, bali amwite mganga wa mifugo. Nyama ipikwe mpaka iive, na maziwa yachemshwe.

Kimyanga hakina koti la mafuta la kuvunjwa. Kuosha mikono na mundu kwafaa, lakini kwa sababu nyingine: maji na sabuni huondoa utomvu wa majani uliobeba virusi. Basi sugueni vizuri, msichovye tu.

ELIMU HII TUIFANYIE NINI SHAMBANI?

Tumeona kwamba barua ikisomwa haiwezi kurudishwa. Kazi yetu ni kuizuia isifike. Shikeni mambo haya sita.

Kwanza, kitalu cha miche kiwe mbali na mpunga wa zamani, na mbali na mpunga mwitu, maana kirusi huweza kukaa humo kikingoja msimu.

Pili, maotea yalimwe na kufukiwa mapema baada ya mavuno. Maotea ya kijani ni daraja la kirusi kutoka mwaka huu hadi mwaka ujao.

Tatu, ukiona mashina machache yenye mabaka, yang'oe mapema uyachome au uyafukie. Huruma ya kuacha shina moja gonjwa ni hasara ya jaruba zima.

Nne, anza kazi katika jaruba zima, umalize katika jaruba gonjwa. Usifanye kinyume. Ukiisha kushika mimea migonjwa, osha mikono, mundu na jembe. Wenye desturi ya kukata ncha za majani ya miche kabla ya kupandikiza, waiache, maana kisu kimoja hugusa miche mingi.

Tano, majirani wapande karibu wakati mmoja, na wakulima na wafugaji wapatane kijijini juu ya wakati wa kuingiza ng'ombe mashambani. Kirusi hakijui mpaka wa shamba. Ugomvi wa mkulima na mfugaji haukizuii. Mapatano yao hukizuia.

Sita, chagueni mbegu kwa kuuliza. Uchunguzi umeonyesha kuwa kimyanga hakirithiwi kwa njia ya mbegu, lakini namna ya mpunga yaweza kuwa dhaifu au imara mbele yake.

MPUNGA UNAOKATAA KUSOMA BARUA

Mnakumbuka kile kifungo kidogo mwanzoni mwa uzi? Ili seli ianze kusoma, kifungo hicho hushikana na protini mojawapo ya mpunga, kama kifungo cha shati kinavyoingia katika tundu lake. Kuna mpunga wa Msumbiji uitwao Gigante, ambao kimyanga huushinda kwa nadra. Mwaka 2006 wachunguzi walieleza sababu yake: protini hiyo ya Gigante ina badiliko dogo. Tundu halilingani na kifungo. Barua imefika, lakini msomaji hawezi kuishika. Wazalishaji wa mbegu wanatumia sifa hiyo kwa kuuvusha mpunga wa namna hiyo na mpunga mwingine unaopendwa na watu.

Lakini tusijisahau. Barua ikinakiliwa mara nyingi, makosa huingia, kama yanavyoingia katika daftari zetu tunaponakili kutoka ubaoni. Makosa mengi huiharibu barua. Mara moja moja kosa hubadili kifungo, kikalingana tena na tundu. Virusi vya namna hiyo vimekwisha kuonekana. Kwa hiyo mbegu imara haiondoi haja ya kuosha mundu. Kwa shauri la mbegu, muulizeni bwana shamba au bibi shamba wenu, au kituo cha utafiti wa kilimo cha Ifakara, kile kilichojulikana kwa miaka mingi kwa jina la KATRIN na ambacho sasa ni cha TARI.

MUHTASARI

Kirusi si mdudu, wala si bakteria. Ni maagizo mafupi yaliyofungwa katika ganda la protini. Kirusi cha kimyanga kina uzi mmoja wa RNA wenye herufi 4,450 hivi, na ganda la vipande 180 vya namna moja. Hakiwezi kuongezeka nje ya seli iliyo hai, wala hakiwezi kuingia katika seli ya mpunga bila jeraha. Mmea ukiisha kuugua, hakuna dawa ya kuuponya. Kinga imo mikononi mwetu, na mikono hiyo iwe safi.

MASWALI YA DARASA

1. Kirusi cha kimyanga kimejengwa kwa vitu gani viwili?
2. Kwa nini vipande vyote vya ganda ni vya namna moja? Eleza kwa mfano wa fundi wa matofali.
3. Mafungu 12 ya protini tano tano, na mafungu 20 ya protini sita sita: jumla ni protini ngapi?
4. Sabuni huviharibu virusi vya namna gani? Kwa nini?
5. Mkulima ana majaruba manne mazima na moja gonjwa. Aanze kupalilia wapi, na amalizie wapi?

KAZI YA NYUMBANI

Andika barua fupi, sentensi tano, kwa ndugu yako anayelima mpunga. Mweleze kimyanga huletwa na nini, na jambo moja la kufanya msimu ujao. Barua hiyo uitie katika bahasha na uipeleke kweli. Hiyo ni barua inayostahili kunakiliwa.

MANENO MAPYA

Kirusi: kitu kidogo sana kiletacho ugonjwa, kinachoongezeka ndani ya seli tu.
Seli: chumba kidogo kilicho hai, viumbe vyote vimejengwa kwa seli.
RNA: uzi wenye maagizo ya kirusi.
Protini: kitu kinachojenga miili ya viumbe, na ganda la kirusi.
Maotea: mpunga unaochipua tena baada ya kuvunwa.